Pua Niliyoazima Nyahanga

Siku ile mezani tulikuwa watano. Wa kwanza, karibu na mlango, alikaa Josefu Ng'wandu, mwenye kiwanda. Babu yake na marehemu mume wangu walichunga ng'ombe pamoja kule Tinde, kwa hiyo kwangu ni mjukuu hata kama hatuna damu. Wa pili shangazi yake, Mama Dotto, dada wa baba yake, mwenye ghala ambalo kiwanda kimo ndani yake. Wa tatu Maganga Sitta, mchemshaji, aliyewahi kumwoa binti wa jirani yangu Holo. Waliachana, lakini Holo bado anamwita mkwe. Wa nne Ester Mathias, muosha chupa, mlokole, asiye na undugu na yeyote kati yetu. Yeye hakukaa, alisimama na kreti. Wa tano mimi, Minza binti Luhende, muonjaji. Mezani palikuwa na glasi, ugali baridi kwenye sahani, na mitungi miwili ya bia.

Josefu ameniomba niandike mambo ya kazi kwa ajili ya Nyanzobe, aliyekalia kiti changu sasa, na wengine watakaokuja. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona herufi zimelala, ziamsheni wenyewe. Majina sikosei. Mengine tutaona.

Tangu nistaafu sikai. Asubuhi navaa viatu, natoka hadi kwenye kona ya Nyahanga panapoonekana paa la ghala, halafu narudi. Mjukuu wangu ananiuliza, "Bibi, umesahau nini?" Namwambia nanyoosha miguu. Nikirudi nachukua kitunguu jikoni, nakimenya, nakinusa. Nitawaeleza kwa nini, lakini nianze na Tinde, maana kazi yenyewe ilianzia huko.

Tinde alikuwepo Nkwimba, mama mdogo wa mume wangu, mpika pombe ya mtama. Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Siku yangu ya kwanza kwake nilitegemea atanipa kata ya pombe nionje. Alinipa maji.

"Onja."

"Ni maji, mayu," nikasema, yaani mama.

"Ya wapi?"

Sikujua. Alikuwa ameteka mahali patatu, kisimani, lamboni, na kwenye debe lililokinga mvua ya bati. Siku nzima nilikunywa maji hadi tumbo likawa ngoma. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikaanza kuyatofautisha. Ya lambo yalikuwa rahisi, yana ng'ombe ndani. Hapo ndipo aliponipa togwa, na baada ya togwa akanipa pombe, kidogokidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

Nkwimba hakunifundisha kwa maneno mengi, lakini mambo matatu aliyasema kila wiki. La kwanza, anayeonja asipake mafuta ya kunukia wala asile dagaa asubuhi. Yeye mwenyewe aliacha ugoro kwa ajili ya kazi, na kila alipomwona mtu akivuta ugoro alimtazama kama anayetazama shamba lake likilimwa na mtu mwingine. La pili, aliyepika hunywa wa kwanza mbele ya wageni, ili watu wajue hakuna kitu ndani. La tatu lilikuwa hili: ukikosea, useme mwenyewe kabla hujasemewa. "Ukisema mwenyewe, bado wewe ni muonjaji," alikuwa akiniambia. "Ukisemewa, kaa nyumbani ulishe kuku."

Na alilitenda. Kwenye harusi ya Kabula binti Masanja alipitisha vyungu vitano jioni, na asubuhi akaamka ana wasiwasi na cha tatu. Tulitembea hadi kwa kina Masanja kabla wageni hawajaketi. Akasimama uani, akasema kwa sauti, "Chungu cha tatu nilikosea. Kimwageni." Wazee wakanung'unika, mpishi akalia, chungu kikamwagwa. Njiani nilimuuliza kama aliona haya. Akasema, "Sana."

Baadaye mume wangu Mabula alifuata dhahabu Katoro, nami nikamfuata Mabula. Katoro watu walikuwa hawalali wala hawakai, kila mtu anakwenda kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, au anatoka kwenye duara, na wote wana kiu. Wanawake wa kilabu waliposikia nilikaa kwa Nkwimba wa Tinde wakaniita niwe naonja kabla pombe haijatoka. Wakaniita Mama Shija, jina la mwanangu wa kwanza, na hadi leo ukifika Katoro ukisema Minza hawakujui.

Kesi ngumu ya Katoro ilikuwa pipa la bluu la Kulwa. Kulwa alikuwa mpika mzuri, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Siku hiyo mapipa yake ya kawaida yalijaa, akaleta jipya. Nilipoinama juu yake nikasikia harufu ya mtama, na chini ya mtama harufu nyingine, kama msumari uliolowekwa kwenye sabuni. Sikuonja.

"Mama Shija, onja basi, watu wana kiu," Kulwa akasema.

"Aliyepika aanze."

"Mimi? Nimeshaonja jikoni."

"Jikoni sikuwepo."

Wachimbaji wakaanza kucheka. Mmoja wao, Luhumbika, aliyekuwa na jino moja la mbele na maneno ya watu kumi, akasema, "Kunywa basi, Kulwa, au humo umemwekea mumeo dawa ya mapenzi?" Kulwa akachukua kikombe, akakifikisha mdomoni, akakishusha. Hakunywa. Hapo nikajua anajua. Pipa alilipata kwenye mwalo, pale wanaposafishia dhahabu, na lilikuwa na dawa zao. Alikuwa amelisugua kwa majivu mara tatu akajiambia limetakata. Moyo wake ulikubali lakini mdomo ukakataa. Tulichimba shimo tukamwaga yote, na Luhumbika akatunga wimbo juu ya kiu yake. Kulwa hakunisemesha msimu mzima. Kisha mbuzi wa mtu wakanywa maji kwenye pipa kama lile, wakafa wote uani, naye akaja kwangu na kuku mkononi.

Mabula alipofariki nilirudi upande wa Kahama, kwa mwanangu Shija. Nilidhani kazi imeisha. Nikawa naonja mboga za mkwe wangu, na mkwe wangu, Pili, ni mtu mvumilivu, lakini hata yeye siku moja alisema, "Mama, ni mchicha tu."

Ndipo akaja Josefu. Alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda kikubwa cha bia mjini, akarudi nyumbani na masufuria marefu, mabomba, na mawazo. Shangazi yake akamwazima ghala la mpunga Nyahanga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuwa mrefu kuliko babu yako."

"Nimesikia ulikuwa unaonja."

"Niliacha."

"Hukuacha, Bibi. Ulikosa cha kuonja."

Pili alikuwa jikoni. Nilimsikia akisema "Asante Yesu" kwa sauti ya chini.

Bia ya Josefu haitoki kwenye mtama. Ni kimea cha shayiri, hamira, na hopsi, maua makavu ya ng'ambo yaliyosagwa na kukandamizwa hadi yanafanana na chakula cha kuku. Yeye anaiita peili eli. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokaa kwenye glasi, na povu lake jeupe linatakiwa lisimame wakati unasalimia watu wawili watatu. Glasi ya kwanza niliyokunywa ilikuwa chungu, nikamuuliza Josefu nani alimuudhi. Akasema ndivyo inavyotakiwa. Nikasema haya.

Kosa langu la kwanza pale lilikuwa kubwa. Wiki ya pili alinipa glasi, nikanusa, nikaonja, moyo ukatulia. Ilikuwa na ukali mzuri pembeni mwa ulimi, ule ukali wa Nkwimba. Nikasema, "Hii ndiyo imeiva." Josefu akanitazama. Akaonja mwenyewe. Halafu akageuka akafungua bomba la chini la tangi, bia yote ikaenda mtaroni. Kwetu pombe ya mtama isipochacha haijawa pombe, ni uji. Kwake bia ikichacha imeingiliwa na wadudu. Nilikuwa nimesifia ugonjwa. Maganga akasema, "Bibi, kesho usisifie tena, tutakunywa maji." Nilitamani kurudi kwenye mchicha.

Ikabidi nifundishe upya ulimi uliozeeka. Josefu alikuwa na karatasi yenye majina ya makosa ya bia kwa Kizungu, na kila moja nilitafutia harufu yake ya hapa. Ikinuka samli, hamira haikumaliza kazi, iachwe siku mbili. Ikinuka pera bichi, imetolewa mapema. Ikinuka boksi lililolowa na mvua, hewa imeingia, hakuna dawa. Ikinuka kicheche, chupa imeachwa juani. Na Nyanzobe, kama hujawahi kupishana na kicheche njiani, mshukuru Mungu, lakini kwa kazi hii umekosa somo. Ikinuka mahindi ya kuchemsha, sufuria lilifunikwa wakati wa kuchemka na mvuke mbaya ukarudi ndani. Hii ya mwisho ni hatari kuliko zote, kwa sababu huku kwetu harufu ya mahindi ya kuchemsha haimuudhi mtu yeyote isipokuwa jaji wa mashindano ya bia.

Ikiwa nzuri, inatoa ganda la chungwa lililokunwa kwa kucha, na nyasi zilizokatwa asubuhi, na kwa mbali mkate.

Namna ya kuonja ni hii. Glasi isiwe baridi sana, baridi inaficha uovu. Ishike kwa kiganja hadi ipate joto lako. Nusa mara mbili fupi, usivute kama ugoro. Kunywa kidogo, ipeleke pembeni, imeze. Wengine wanatema, lakini uchungu wa peili eli uko kooni, ukitema umeacha nusu ya kesi. Kati ya glasi na glasi tafuna ugali baridi usio na mboga. Na kama unabishana na mwenzako, mwekee glasi tatu, mbili ndugu na moja mgeni, bila kumwambia. Akishindwa kumtambua mgeni, asibishane tena siku hiyo. Maganga nilimwekea mara nne. Sigara ilishaoa pua yake zamani.

Na desturi ya Nkwimba niliipeleka pale: Josefu hunywa wa kwanza, mbele yetu, kisha ananyamaza. Aliyepika hahukumu.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na mkono unataka kuruka.

Vuli iliyopita nilipata mafua makali. Nililala siku kumi. Nilipoamka nilikula uji wa Pili, nikamwambia umesahau iliki. Akasema ameweka mbili. Nikachukua kitunguu, nikakimenya hadi machozi yakatoka, na sikusikia kitu. Machozi yalikuja, harufu haikuja. Mafuta ya taa, hakuna. Kichwa cha mjukuu, hakuna. Ulimi ulibaki na chumvi, sukari, uchungu na ukali, lakini pua, ambayo ndiyo kazi, ilikuwa imezima kama koroboi.

Nilikwenda kazini. Ningeweza kusema siku ile. Josefu alikuwa peke yake, anafunga mpira wa bomba, akasema, "Bibi, tumekukosa, matangi yamekungoja." Nikasema, "Haya, lete."

Ester alikuwa ameajiriwa muda mfupi kabla ya hapo. Alikuja kutoka Katoro na mabegi mawili baada ya mumewe kunywa kila walichokuwa nacho, na alipoambiwa ni kiwanda cha pombe alikaa nje dakika nyingi kabla ya kuingia. Alisema, "Chupa tupu haina dhambi. Nitaosha." Alikuwa ameapa mbele ya kanisa lake kwamba pombe haitakuwa na sehemu naye tena. Kila chupa na kila glasi aliyoosha aliinusa kuhakikisha sabuni imetoka, na nilikwishaona kwamba pua yake ni ya ajabu. Alikuwa akisema, "Hii chupa ilikaa mafuta ya taa," na chupa inang'aa.

Asubuhi ile nilimimina bia kidogo kwenye glasi, nikaenda kwake kwenye karai.

"Ester mwanangu, nusa hii glasi, kama sabuni imetoka."

Akanusa. "Sabuni imetoka, Bibi. Ila inanuka samli."

Nikarudi mezani. "Josefu," nikasema, "samli. Iache siku mbili."

"Bibi," akasema, "wewe ni mashine."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ilikwenda miezi saba. Kila tangi nilikwenda kwenye karai na glasi na swali la sabuni. Ester alijibu kwa unyofu, kwa sababu mimi ni mtu mzima na yeye ana adabu. "Sabuni imetoka, inanuka pera." "Sabuni imetoka, inanuka vizuri tu, kama mtu amemenya chungwa." Nilikuwa nachukua maneno yake nayapeleka mezani kwa mdomo wangu. Sikuwahi kukosea. Josefu aliwaambia watu wa Kahama mjini kwamba ana bibi asiyekosea. Usingizi wangu ukawa wa kuku. Nilikuwa natembea uani nikimsemesha Nkwimba, ambaye amekufa siku nyingi.

Kisha wiki mbili kabla ya siku ya meza Ester alikuja kwangu amejifunga khanga vizuri.

"Bibi, kanisani wameniambia nguo zangu zinanuka pombe. Nimeomba, nimefunga. Chupa nitaosha. Lakini glasi yenye kitu ndani, hata kidogo, usinipe tena ninuse. Samahani."

"Hakuna neno, mwanangu," nikasema.

Siku ya meza ikaja. Mwanza kulikuwa na mashindano ya bia za viwanda vidogo, na Josefu alitakiwa kupeleka aina moja. Alikuwa na matangi mawili, yamepikwa kwa kupishana siku nne. Basi la Mwanza lilikuwa linaondoka saa sita mchana. Na Mama Dotto alikuwa amesema wazi, tena mbele ya watu: mpunga unakaribia kuvunwa, ghala ni la mpunga; kama mwaka huu kijana wake harudi na neno lolote zuri kutoka kwa majaji, masufuria yatoke. Hakuwa mbaya. Alikuwa amengoja misimu mitatu, na magunia yake yalikuwa yanalala kwa watu.

"Haya tuonyesheni hiyo dawa," akasema, akajifunika vizuri. Yeye hunywa soda tu.

Josefu akamimina. Akanywa ya kwanza, akanywa ya pili, akanyamaza kama desturi. Maganga akanywa zote mbili akasema zote tamu, akaangaliwa na kila mtu, akarudi kwenye ugali. Nikabaki mimi.

Nikashika glasi kwa kiganja. Nikanusa mara mbili fupi, kama ninavyofundisha. Kulikuwa na baridi puani, basi. Nikaonja. Ya kwanza chungu, safi. Ya pili chungu kidogo zaidi, safi, inang'aa zaidi. Nikatafuna ugali. Nikaonja tena. Nilimwangalia Ester, yeye akaangalia kreti. Nilifikiri kusema nirudie kesho, lakini basi la Mwanza ni saa sita. Mama Dotto akasema, "Bibi Minza, hata hakimu wa Kahama hachelewi hivi."

Nikasema, "Ya pili iende."

Josefu akapumua. Maganga akavuta mpira, wakaanza kujaza chupa kutoka tangi la pili, na Ester akawa anazishika shingoni anazipokea. Ya kwanza ikajaa. Ya pili ikajaa. Ya tatu ilifurika ikamwagikia mkononi, hadi kwenye kiwiko, na nikaona uso wake. Alikunja pua kidogo tu, akageuza kichwa, kama mtu aliyepita jikoni kwa watu.

Hapa ninavyokumbuka mimi, nilisimama nikasema, "Josefu, funga bomba. Muulize Ester inanuka nini. Mimi sijui. Pua yangu imekufa tangu vuli."

Bomba likafungwa. Nikaendelea, kwa sababu nikinyamaza ningekaa chini. Nikawaambia kuhusu karai, na glasi, na sabuni.

Ester alikuwa bado ameshika chupa. "Kwa hiyo miezi yote hiyo, Bibi, glasi hazikuwa na sabuni."

"Hazikuwa."

"Nilikuwa nahukumu pombe."

"Ulikuwa unahukumu pombe. Na hukukosea hata mara moja."

Mama Dotto akacheka, peke yake, akaacha mwenyewe. Josefu alikuwa ananitazama kama siku ile nilipousifia ugonjwa, lakini safari hii hakugeuka kwenda kwenye bomba. Ingekuwa afadhali.

Ester akaweka chupa kwenye kreti taratibu. Akajifuta mkono kwa khanga. Akaja mezani, akainua glasi ya pili, akanusa. "Mahindi ya kuchemsha," akasema. Akainua ya kwanza, akanusa, akafumba macho. "Ganda la chungwa. Na nyasi zilizokatwa, na mkate mbali kidogo. Hii ndiyo nzuri." Akaiweka chini. Akanigeukia mimi, si Josefu. "Sasa nimenusa kwa kujua, Bibi. Ile miezi saba ni yako. Hii ya leo ni yangu, nitaibeba mwenyewe."

Akavua mabuti ya mpira, akayaweka sawa ukutani, akaenda nyumbani kwake.

Maganga akakiri kwamba siku ya kuchemsha tangi la pili bati lilikuwa linavuja juu ya sufuria, akalifunika kama mtu yeyote anavyofunika chungu cha nyumbani mvua ikinyesha. Wakamwaga zile chupa, wakajaza kutoka tangi la kwanza kwa haraka, na Maganga akakimbia na kreti begani hadi stendi. Basi lilikuwa linanguruma.

Hatukushinda. Lakini majaji huandika karatasi, na karatasi ilifika. Josefu akaisoma mezani. Ilisema ganda la chungwa, majani mabichi, mkate kwa mbali, kazi safi, endeleeni. Mama Dotto akamwambia asome tena. Akasomewa tena. Akasema mpunga wa mwaka huu utakaa kwa shemeji yake, akatoka kabla hajashukuriwa.

Mimi nilikwenda kwa Ester. Alikuwa anamenya karanga mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nimekuja."

"Nimeona."

Nikachukua karanga nikaanza kumenya naye, maana mikono ilikuwa haijui pa kukaa. Nikamwambia nilimtumia kama kata. Akasema, "Kata haina kiapo, Bibi." Nikasema najua. Akaniambia kama nataka kweli kumsaidia, niende nikaseme mwenyewe kwa mama mchungaji, kwa sababu yeye akisema itaonekana anajitetea. Nikaenda Jumapili ileile.

"Kwa hiyo dada yetu alinusa?" mama mchungaji akauliza.

"Alinusa, akidhani ni sabuni."

"Akanywa?"

"Hata tone."

"Na wewe?"

"Mimi nilikunywa sehemu yangu na yake."

Mama mchungaji aliinama kuangalia Biblia yake kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anacheka, lakini sikuwa na haki ya kuuliza. Ester alirudi kiwandani baada ya wiki mbili. Anaosha chupa. Kiti changu Josefu alimpa, akakataa, ndipo akaja Nyanzobe. Ester ananisalimia vizuri. Hajaniambia amenisamehe na mimi sijamuuliza. Nikifika kwenye ile kona ya Nyahanga ndipo swali hilo linanigeuza, narudi kwenye kitunguu. Bado hakinuki.

Lakini kuna jambo moja linanitoa nyumbani kila asubuhi kuliko hilo. Juzi Maganga alipita kwetu, tukakumbushana. Akasema, "Ester alipomwagikiwa akasema, 'Mbona hii inanuka mahindi?' Ndipo wewe ukasimama, Bibi." Nikamwambia hapana, nilisimama kwanza, Ester alikuwa hajafungua mdomo. Akasema labda. Maganga si mtu wa kubishana, na neno lake "labda" limekaa kwangu kama mwiba wa samaki.

Nimerudia siku ile mara nyingi. Naona chupa, naona povu kwenye kiwiko chake, naona pua ikikunjwa. Sauti ndiyo siisikii. Nawakumbuka wote kwa majina, na baba zao, na walikaa wapi, lakini nani alitangulia kusema sina hakika tena. Nyinyi mliokuwepo, Josefu, Mama Dotto, Maganga, na hasa wewe Ester: kama nimekosea, nisahihisheni. Nyanzobe ataandika jibu hapa chini, nimemwachia nafasi. Kama nilisema mwenyewe, nataka kujua. Kama nilisemewa, niambieni pia. Mabanda ya kuku Shija ameshayajenga.